Simu za Watu wa Kwao

— Nilikuambia kitandani, Maren. Kitandani! Na wewe ukaenda kuwaambia watu milioni mbili.

Wade hakuwa hata amevua koti. Theluji ilikuwa ikiyeyuka mabegani mwake. Maren alisimama na mwiko mkononi, viazi vikishika chini ya sufuria.

— Sikukutaja jina.

— Nani mwingine ofisini kwa Seneta Brandvold anajua kwamba ule mswada umeandikwa na mawakili wa kampuni ya kufuga nguruwe, yeye akaweka jina lake tu? Ni mimi na yeye, basi!

Maren akazima jiko. Miaka mitatu alikuwa akijirekodi video za mtandaoni humo humo jikoni, hapo Des Moines, akieleza jinsi makampuni yanavyowapelekea wabunge wa jimbo sheria zilizokwisha kupikwa. Watazamaji hamsini, siku njema sabini. Mswada huu ungemzuia mtu yeyote wa Iowa kuishtaki kampuni, hata kinyesi cha nguruwe kikiingia kisimani kwake. Video ya jana ndiyo ya kwanza kushika moto.

— Angalau watu wamesikia, — alisema kwa sauti ndogo. — Hawakupiga simu?

— Wamepiga mpaka sikio linauma. Na kila mmoja lazima nimuulize anaishi wapi. California. New York. Mmoja yuko Uskoti! Seneta anacheka tu: “Kijana, hao hawanipigii kura.” Kamati inapiga kura Alhamisi, na mswada utapita. Umeniuza bure, mpenzi.

Akachukua blanketi, akalala sebuleni.

Asubuhi aliondoka bila kunywa kahawa. Maren aliifuta ile video, akakaa mezani amechoka mpaka mifupani. Watu wa kaunti ya seneta, ambako ndiko kwao Wade, wanaongelea wapi? Jibu alilijua, na hakulipenda. Wanaongelea mtandaoni, kwenye kundi la mbwa waliopotea. Humo ndimo kila mtu alimo: nani kaona mbwa, nani anauza trekta, kanisani kunapikwa nini. Msimamizi wake ni Arlene, mama yake Wade, ambaye hajawahi kumpenda Maren.

Akapiga.

— Arlene, ni mimi, Maren.

— Wade anaumwa?

— Hapana. Ni huu mswada wa nguruwe.

— Kundi langu ni la mbwa. Mchungaji mwenyewe nilimtoa kwa kuleta siasa.

— Bado unakunywa maji ya kisima chako?

Arlene akashusha sauti.

— Nanunua ya chupa tangu mwaka juzi. Kwa nini?

— Mswada ukipita, hutaweza kuwashtaki.

— Brandvold hawezi kutufanyia hivyo. Kiangazi kilichopita alikula pai yangu, akaongeza kipande!

— Usiniamini mimi. Usome mwenyewe, kisha muulize.

Arlene akakata simu bila kuaga.

Mchana ujumbe wa Wade ukaanza kuingia.

“Kapiga kocha wangu wa mieleka.”

“Kapiga mchungaji. Amefoka mpaka nimeona aibu.”

“Wote ni wa kwetu, wa kundi la mama! Umefanya nini?”

Kisha: “Mama yuko kwenye simu. Hataki kuongea na mimi. Anamtaka seneta.”

Alhamisi mswada haukuitwa. Seneta aliuondoa, eti unahitaji kutazamwa zaidi. Kila mtu alijua utarudi Januari na jina jingine.

Jioni Wade aliketi sakafuni, mgongo ukutani, buti miguuni. Maren akakaa kando yake.

— Amekufukuza?

— Bado. Anamwogopa mama. — Akamgeukia. — Maren, nikikuambia kitu tena usiku, kitabaki kati yetu?

Maren alitamani kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo tu, na lingempa Wade usingizi.

— Kikiwa chetu, kitabaki. Kikiwa cha visima vya watu, sitaweza kukinyamazia. Lakini nitakuambia wewe kwanza, uso kwa uso. Ule usiku nilipaswa kukuamsha kabla sijarekodi. Nisamehe.

Wade aliegemeza kichwa ukutani.

— Ungesema kitabaki, nisingekuamini. Basi itabidi mmoja wetu aache kazi.

— Au tuache kuongea kitandani.

Wade alicheka kidogo, kwa shida.

— Hiyo siiwezi. Kesho nakabidhi funguo za ofisi.

Akamwegemea begani, na mara akawa ameshasinzia. Maren aliinama polepole asimwamshe, akaanza kumfungulia kamba za buti.