Pumzi Katika Mashine ya Sufuria

Kompresa ilikuwa imezimwa, lakini mshale wa presha ulikuwa ukipanda.

Fundi Mohamednur aliugonga kwa ukucha. Alikuwa ndiyo kwanza amalize kufunga kidhibiti kipya, kile kinachopima hewa chenyewe ili mashine ya kukandamiza bati liwe sufuria isishuke ovyo. Mshale ukazidi kupanda. Ndani ya chuma ikasikika pumzi, fsss... fsss..., kama ya mtu aliyelaliwa na mzigo. Harufu ya jasho na tumbaku ikatanda mchana kweupe.

"Bosi, hili ni jini," akamnong'oneza Cliff aliyesimama nyuma yake.

"Jini gani!" Bathsheba akafoka kutoka mlangoni. "Huyo ni mume wangu. Hiyo tumbaku ni yake."

Mashine hiyo ilimshukia Zadock, mumewe, ikamuua, baada ya yeye kulalamika mpaka koo likakauka kwamba presha ya hewa inarukaruka. Cliff, mwenye kiwanda hicho cha Rangwe, alimwambia aache uoga. Alipokufa ndipo kidhibiti kikaletwa. Na wazee walipokuja na tawi kuiita roho yake pale alipofia, wairudishe dala, nyumbani kwao, Cliff aliwafungia geti. Hapa ni kazini, alisema, si matangani. Wakazika mwili mtupu.

"Mama Liz, pole," Cliff akamwambia Bathsheba. "Mwite basi. Mwondoe."

"Leo ndiyo umejua anaitwa?"

Bathsheba akavunja tawi uani, akasimama mbele ya mashine, na kwa sauti yenye hasira kuliko machozi akaita, "Zadock, wuon Liz, baba Liz, wadhi dala, twende nyumbani," na mshale ukashuka, na pumzi ikatoka chumani, ikatambaa sakafuni, ikaigusa leso yake, ikasita, kisha ikampita, ikamwingia Cliff, ambaye kifua chake kilitanuka mpaka vifungo vya shati vikaruka, na kinywani mwake ikatoka sauti ile ile, fsss... fsss...

"Mama Liz... ananibana."

"Tumkimbize hospitali!" Mohamednur akapapasa funguo za gari.

"Hospitali ya nini? Anampeleka Zadock kaburini kwake, mbele ya wazee aliowafukuza." Bathsheba akamsukumia Cliff tawi kifuani. "Shika. Utatembea kwa miguu. Na ukimwangusha njiani, usinililie."

Cliff akatoka amelikumbatia tawi kama mtoto mgonjwa, na watu wa soko la Rangwe wakampisha mbio, kwa maana kila alipotoa pumzi moja, wao walisikia mbili.