Kopo la Vifungo

Mama Vifungo, fundi cherehani, hakuwa mtu wa kutupa kitu. Aliweka vipande vya vitambaa, zipu kuukuu, hata nyuzi fupifupi. Dawa zilizobaki nazo aliziweka kwenye kopo la vifungo. Akiumwa mtu nyumbani, anafungua kopo, anachagua.

Siku moja sindano ya cherehani ilimchoma kidole. Kikavimba. Zahanati alipewa antibiotiki, akaambiwa azimalize. Maumivu yalipopungua tu, akacheka.

"Nimepona! Zilizobaki ni akiba."

Zikaingia koponi.

Baada ya siku chache kidole kilivimba tena, vibaya kuliko mwanzo, kikatunga usaha. Mkasi haushikiki. Mama Vifungo akaingiwa na hofu. Bila kidole hicho angeshona vipi?

Jirani yake, muuguzi, akaja kuchukua gauni lake.

"Hodi, shoga! Gauni tayari?"

"Gauni bado ni kitambaa. Hebu ona kidole hiki." Akafungua kopo. "Ngoja nimeze hizi. Mume wangu alizibakisha alipoumwa jino."

"Weka chini!" muuguzi akamaka. "Jino la mumeo na kidole chako wapi na wapi? Dawa ya mtu mwingine humezi."

"Mbona zangu zilinisaidia?"

"Ulimaliza?"

Mama Vifungo akalifunika kopo.

"Antibiotiki huua bakteria, vijidudu vinavyoleta usaha huo. Ukiacha kabla ya muda ulioambiwa, vilivyobaki vinaweza kuzaana tena. Na tukizitumia ovyo, vijidudu huwa sugu. Siku tukizihitaji kweli, dawa hazifui dafu. Wewe ukishona, ukakata uzi bila kupiga fundo?"

"Mshono unafumuka."

"Basi! Twende zahanati."

Kidole kikasafishwa, akapewa dawa nyingine. Safari hii alizimaliza kama alivyoelekezwa. Zile za koponi alizipeleka duka la dawa ziharibiwe. Kidole kikapona, na gauni likamkaa muuguzi vizuri mno.

Wiki iliyofuata mumewe alirudi kutoka kazini akipiga chafya mfululizo.

"Mama watoto, nitolee kidonge kimoja koponi."

"Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Kunywa maji, upumzike. Yakizidi, tutaenda zahanati."

"Hata kimoja tu?"

Mama Vifungo alitikisa kopo.

"Humu mna vifungo vitupu, mume wangu. Nikupe cha bluu au chekundu?"

Mumewe akacheka, akapiga chafya, akaenda kulala.