Injini Yenye Kiraka cha Sufuria

Inspekta Onema hakuwa na gari. Hakuwa na glovu, wala kamera, wala wino wa kuchukulia alama za vidole. Hakuwa na daktari wa kupasua maiti. Alikuwa na daftari, kalamu moja, na askari mmoja aitwaye Destin, ambaye kiatu chake cha kushoto hakikufanana na cha kulia.

Maiti ilikuwa ya Florentin, fundi wa pikipiki wa mtaa wa Mikelenge. Alilala chali katika karakana yake, kifua kimebanwa na gari alilokuwa akiliunda: gari dogo lililoungwa kwa mabomba ya maji, lisilo na milango wala paa, la kupita katika matope ya njia ya Kampene. Nyuma yake alikuwa amefunga injini kuukuu ya pikipiki.

"Ajali, chef," Destin alisema. "Gogo limeviringika."

Onema aliinama. Kilichokuwa kimeinua gari hakikuwa gogo. Kilikuwa kipande cha taruma, ule ubao mnene unaolazwa chini ya reli, kilichosimamishwa wima.

"Hesabu kona zake."

"Nne."

"Basi haliviringiki. Limesukumwa."

Kando ya taruma kulikuwa na mtaimbo. Kwenye ubao wa taruma kulikuwa na jeraha jipya la chuma.

Walipoliinua gari, Onema aliona mambo mawili. Injini haikuwa na kabureta. Mpira wa petroli ulining'inia tu. Na katika vidole vya marehemu kulikuwa na kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa kwa makasi na kutobolewa matundu matatu. Ni ile karatasi ngumu ambayo mafundi huiweka kati ya kabureta na injini ili hewa isivuje.

"Fundi hukata hii akiwa na kabureta mkononi," Onema alisema. "Sasa kabureta iko wapi?"

Destin alipekua karakana nzima, hakuiona.

Kifuniko cha injini kilikuwa na kiraka cha aluminiamu. Onema alikifungua, akakipeleka kwa Gédéon, mzee anayeyeyusha aluminiamu chakavu na kuimwaga katika kalibu za sufuria karibu na soko.

"Unaijua kazi hii?"

Gédéon alipitisha kidole juu ya kiraka. "Njo mimi nilimwaga. Vita ilikuwa inakaribia. Sikuwa na aluminiamu, muke wa mwenye pikipiki akaleta sufuria yake ya harusi. Alilia kidogo, nikamwambia, mama, pikipiki ikitembea, bwana wako atakununulia ingine."

"Mke wa nani?"

"Wa Félicien, yule muuguzi aliyepotea. Adolphine. Iko hai."

Adolphine alikuwa akipepeta mchele mlangoni pake. Alimwona Inspekta, hakuacha kupepeta.

"Karibu, mukubwa. Umechelewa. Nilikungoja tangu asubuhi."

"Kabureta iko wapi, mama?"

Aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa katika kitenge, akakifungua: kabureta. Onema aliweka juu yake kile kipande cha boksi la sabuni. Matundu matatu yalilala juu ya matundu matatu.

"Ulikuwa karakanani leo?"

"Nilikuwako."

"Nieleze."

"Vita ilipofika, Félicien na Florentin waliifungua pikipiki. Injini Félicien akaizika peke yake katika shamba la watu, upande wa Kibombo, hakuambia mtu ni wapi. Kabureta nikaificha mimi, ili askari akipata kimoja asipate safari. Siku moja wakaenda wawili kuichimbua. Florentin akarudi peke yake. Akaniambia walikamatwa njiani, kabla hawajafika shambani. Yeye akakimbia, hakuona kitu."

"Ukaamini?"

"Miaka zaidi ya ishirini. Alikula kwangu siku ya matanga. Juzi nikapita karakanani, nikaona sufuria yangu iko kwenye injini."

Akatoa jiwe dogo katika mchele.

"Kumbe walifika," Onema alisema.

"Walifika. Na yeye alirudi kuichukua baadaye, kwa sababu alishaonyeshwa mahali."

"Alimuua?"

"Aliapa hapana. Alisema walipigwa risasi wakichimba, Félicien akaanguka, yeye mwenyewe alimfukia katika lile shimo la injini. Sikutaka kubishana. Nilitaka mahali tu. Nilimpelekea kabureta yake, nikasema, chukua, nionyeshe kaburi."

"Akasemaje?"

"Akaingia chini ya gari, akaanza kupima. Nikauliza, ni wapi? Akasema, ng'ambo ya kile kijito. Nikauliza, kijito gani? Akacheka. Akasema, Mama Adolphine, acha kwanza nisikie injini ikiwaka. Mifupa haina haraka."

"Ndipo ukashika mtaimbo."

"Ndipo nikashika."

Destin aliangalia viatu vyake.

"Mukubwa," Adolphine alisema, "wewe umetembea njia ya Kibombo. Vijito viko vingapi?"

Onema aliitembea mara nyingi, kwa miguu. Aliwahi kuvihesabu hadi arobaini, akaacha.

"Viko vingi, mama."

"Njo vile nilifikiri. Nilipoona damu mdomoni mwake nilimpigia magoti. Nilimwambia, sema jina la kijito tu. Alikuwa ameshakwenda." Alikunja kitenge mara nne, akakiweka juu ya ungo. "Nimemuua muntu mumoja tu aliyejua."

Jioni, katika ofisi isiyo na taa, Onema aliandika taarifa kwa mwendesha mashtaka: jina, silaha, ungamo, sababu. Ilikuwa kurasa mbili. Kisha akachukua karatasi ya mwisho ya daftari, akaandika barua kwa mkuu wa Kibombo. Aliomba wakulima waulizwe kama kuna anayejua shimo lililofukuliwa na kufukiwa wakati wa vita, ng'ambo ya kijito ambacho jina lake halikujulikana.

"Watajibu, chef?"

"Andika anwani, Destin."

Hakuwa na gundi. Alipaka uji wa muhogo kwenye bahasha, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikakauka, akampa mchuuzi mwenye baiskeli aliyekuwa akirudi Kibombo na chumvi. Mchuuzi aliiingiza chini ya kamba, juu ya gunia, akaanza kuisukuma baiskeli.