Mto Uliowekwa Chini ya Mguu wa Mjomba Lemuel

"Mto wa nani huu, Lemuel?"

"Wangu, Mama. Nimepewa."

"Umepewa na nani? Unajua nani aliulalia kabla yako? Utoe nje!"

"Mama nawe! Kitambaa kizuri hivi nikakitupe kwa kuku?"

"Hao kuku ndio wenzako. Toa, nasema!"

Ilikuwa asubuhi tulivu, nami nilikuwa nakanda unga wa mahindi wa mkate. Mjomba Lemuel, kaka wa marehemu mama yangu, alikuwa ametoka Memphis kurekodi kwa mara ya pili. Gitaa alijifunza utotoni kwa waya aliopigilia ukutani mwa nyumba hii hii ya Bibi, mama yake. Baadaye akawapigia watu muziki wa bluzi kwenye karamu za Jumamosi, mpaka jina lake likavuka mashamba yetu ya pamba hapa Mississippi. Alipopiga alikanyaga sakafu kwa nguvu, maana mguu ndio uliokuwa ngoma yake. Wazungu wa santuri walisema kishindo kinaharibu wimbo, wakamwekea mto chini ya mguu. Walipomaliza wakamwambia auchukue.

Mjomba alicheka, akaulalia.

Santuri zilifika dukani msimu wa kuchuma pamba, mwaka nilioachishwa shule. Siku hiyo hiyo mjomba akaanza kukohoa. Bibi aliupasua ule mto kwa kisu, akaingiza mkono. Katikati ya manyoya kulikuwa na kitu kigumu, kimesokotwa mviringo kama kiota.

Taji.

Kwetu kila mtu analijua. Manyoya yakijisokota yenyewe ndani ya mto, yanamsokota anayeulalia. Taji likiwa bado wazi, unalivunja na mgonjwa anapona. Likishafunga, basi. Hilo lilikuwa na mwanya wa kidole. Bibi alilivunjavunja, akaushona mto. Jioni mjomba alikula samaki mpaka akalamba sahani.

Tukadhani yamekwisha. Jumamosi tuliwaita majirani, tukaazima gramafoni, tukaupiga wimbo wake tena na tena.

"Lemuel, humo ndani ya boksi umeingiaje na tumbo hilo?" akamtania jirani yetu, Dada Idella.

Mjomba alicheka. Kicheko kikakatika katikati. Akashika kifua.

Bibi alikimbilia kitandani, akaubonyeza mto.

"Zima," alinong'ona. "Zima hilo dude. Linasokota."

Nami nikagusa. Kila santuri ilipozunguka, kitu kilijivuta mle ndani.

Mjomba aliivunja santuri kwa goti. Bibi aliuchoma mto uani, tukamlaza mjomba kwenye mto mwingine, uliojazwa maganda ya mahindi. Nilikuwa nimeujaza mimi mwenyewe. Asubuhi niliupasua.

Manyoya.

Nilikimbia hadi dukani. "Bwana, nakuomba, usiupige tena wimbo wa mjomba wangu."

Mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Umechelewa, binti. Zimeisha zote. Zimefika hadi Chicago, na bado watu wanaagiza."

Nilirudi nikitembea. Kukimbia kungesaidia nini? Mahali fulani mtu nisiyemjua alikuwa anaweka sindano juu ya santuri na kumwita mkewe wacheze. Hakuwa na ubaya wowote. Ningemwambiaje aache?

Tuliketi na mjomba. Bibi alikuwa amelipakata taji jipya lililotoka katika mto wa maganda, kila akilivunja linajisokota tena. Mwishowe aliacha kulivunja. Alitia kidole chake kwenye mwanya, akakiacha humo.

Mwanya ulibana.

Ukabana tena.

Mjomba alinigeukia. Midomo ilikuwa mikavu. "Ozella," alinong'ona, "wanaupiga."

Bibi alipiga ukelele, akachomoa kidole. Taji likafunga.

Tulimzika nyuma ya kanisa. Nililiona jeneza likishuka kwa macho yangu. Nililitupia udongo kwa mkono wangu. Nilijisemea moyoni kwamba angalau sasa amepumzika, hakuna awezaye kumtoa tena pumzi.

Wiki iliyofuata, mchana, gari lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka kijana mmoja, dereva wa wale Wazungu wa santuri. Viatu vyake vilikuwa na vumbi la safari. Alivua kofia, akasimama mlangoni, akamtabasamia Bibi.

"Mama, mwambie Lemuel jana kule Memphis aliimba vizuri kuliko siku zote, hata maji hakuomba. Kesho aje mapema. Nyimbo zilizobaki ni nyingi."