Radhi Nisiyoiomba

Bi harusi alikuwa amesimama juu ya kigoda, gauni limeshikwa na pini kila upande, alipoinamisha shingo na kumwuliza fundi wake kwa upole:

"Dada Sindano, mbona umeomba radhi? Ile habari yako mimi niliipenda."

Sindano alikuwa na pini mdomoni. Akazitema kiganjani.

"Radhi gani?"

Bi harusi akamnyooshea simu. Kwenye blogu ya Sindano, mahali palipokuwa na ile habari iliyosomwa hata na watu wasiomjua, palikuwa na maneno mengine kabisa: "Ndugu wasomaji, naomba radhi kwa maandishi yangu yaliyopita. Niliandika kwa hasira na bila kufikiri. Ndoa ni heshima." Na chini yake jina lake, lile lile Sindano, ambalo wateja walimpachika kwa ajili ya wembamba wake na ulimi wake, naye akalikubali mpaka akaliandika juu ya mlango wa duka.

Akasoma tena. Kisha akarudisha simu, akamaliza kubana kiuno cha gauni, maana kazi ya mteja haina kosa, akamwambia mteja aende akabadilishe. Ndipo akatafuta namba ya mchumba wake.

Mchumba huyo, nyumbani kwao na mtaani kote, aliitwa Mtaalamu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti za makampuni, na alizungumza kama mtu ambaye kompyuta haijawahi kumwambia hapana. Tusimsingizie, alimpenda Sindano. Jioni akitoka kazini alipitia dukani, akakaa kwenye kiti cha wateja, akamsaidia kutungia uzi kwenye mashine huku akimsimulia visa vya ofisini mpaka Sindano anashona mshono kombo kwa kucheka.

Wazo la blogu lilitoka pale pale dukani. Mwanamke akipimwa kiuno husema yale ambayo hata mama yake hajayasikia, na Sindano alikuwa na miaka ya kuyasikia. Alitaka kuyaandika, majina akiyaficha, lakini hakujua aanzie wapi. Akamwuliza shoga yake, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa na blogu yake ya mambo ya watoto. Shoga akamweleza kwamba kuna majukwaa ya bure: unajiandikisha kwa barua pepe yako, unachagua jina, unaweka nenosiri, unaandika. Ubaya wake, anwani inakuwa ndefu na mwishoni inabeba jina la wenye jukwaa, na mapambo ni yale yale waliyokupa. Ukitaka pako mwenyewe, papambike utakavyo, basi unalipia na ujue mambo, au umpate anayejua. Kwa mtu anayeanza, shoga alisema, aanze na la bure.

Sindano alikuwa ameshakubali moyoni. Mtaalamu aliposikia, akacheka.

"Hayo ya bure ni ya watu wasio na mtu. Wewe una mimi. Nitakujengea nyumba, si kibanda."

"Na ufunguo nitakuwa nao?"

"Ufunguo wa nini, na mwenye nyumba ni mumeo?"

Mtu anayependa akisikia neno "mumeo", masikio huzibwa na pamba. Mtaalamu akajenga, na kweli alijenga: nyumba nyeupe, nadhifu, jina la Sindano juu kwa herufi za mshazari. Mpango wao ukawa kwamba Sindano anaandika kwenye simu, anamtumia, yeye anachapisha. Shoga alipoujua mpango huo aliuliza swali moja tu: "Yaani wewe unapika, mwenzio ndiye anapakua?" Sindano akamwambia aache wivu.

Habari iliyofutwa ilimhusu bi harusi aliyekuwa na saluni yake. Alilia juu ya kile kigoda kwa sababu mchumba wake alimwambia aifunge wakishaoana, kwamba mke wake hahangaiki. Sindano aliyaandika yote na kumalizia hivi: "Hakumwambia apumzike. Alimwambia azimike." Watu wakatumiana sentensi hiyo mpaka ikamrudia mwenyewe kutoka kwa mteja asiyejua kuwa ndiye aliyeiandika.

Simu ikapokelewa.

"Nani ameandika hii radhi?"

"Nipo kikaoni, mpenzi."

"Toka kikaoni."

Mlango ukasikika. Mtaalamu akashusha sauti, akaeleza kwamba mama yake aliisoma ile habari na kuumia sana. Hakula. Alisema mkwe anawaanika watu kabla hata hajaingia nyumbani. Basi yeye, kwa kuwa ndiye mwanamume, ilibidi amwokoe Sindano mbele ya mama mkwe wake.

"Ungeniambia kwanza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ilibidi uniambie."

Akamwomba nenosiri, aiondoe radhi kwa mkono wake. Mtaalamu akasema jambo hilo si rahisi, kila kitu kimeandikishwa kwa jina lake, yeye ndiye aliyejenga, na haipendezi wachumba kugombania blogu. Kisha akakata. Baada ya muda ukaingia ujumbe: "Tulia kwanza. Ukishapoa tutaongea. Nakupenda."

Ukishapoa, kana kwamba yeye ni pasi.

Lakini neno la mama lilimchoma. Mama yake Mtaalamu alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, na siku zote alimpokea Sindano vizuri. Kama amemwumiza, basi ataenda kumwomba radhi mwenyewe, kwa mdomo wake. Akafunga duka mapema, akaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja." Mama alikuwa na simu mkononi na miwani imeshuka puani. "Asubuhi nzima naitafuta ile habari yako nimsomee jirani, nakutana na radhi. Nani amekutisha?"

Sindano akakaa bila kukaribishwa.

"Mama hukukasirika?"

"Nikasirike nini? Nilikuwa mpiga chapa mahakamani mimi. Hakimu alikuwa hataki mwingine. Nilipoolewa niliambiwa maneno hayo hayo, mke wangu hahangaiki, nikaitika bee, nikakaa. Nilipokusoma nililia, lakini kulia kwa mtu aliyeonekana." Akavua miwani. "Kwani nani kasema nimekasirika?"

Sindano alisita. Kumsema mtu kwa mama yake si jambo dogo. Lakini akasema, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema taratibu. "Amekulisha maneno wewe, na mimi kanilisha."

Akampigia mwanawe simu, akamwambia aje, hakumwambia kwa nini. Mtaalamu aliingia na mfuko wa matunda mkononi, akawaona wanawake wake wawili wamekaa upande mmoja, akabaki amesimama.

"Mwanangu, mimi lini sikula?"

Alijaribu kucheka, kicheko kikakosa pa kwenda. Akaanza kusema kwamba hawamwelewi. Ukweli ukatoka kidogo kidogo, kama uzi uliokwama. Ofisini wenzake wanajua blogu ni ya mchumba wake. Waliisoma, wakamwuliza kwa utani kama bwana harusi huyo ni yeye.

"Ningejibu nini?" akamgeukia Sindano. "Wakati kweli nilikuwa nimeshakuambia kwamba tukioana duka tumpe mtu mwingine aliendeshe. Ukaenda ukaandika."

"Yule binti alinililia kabla wewe hujaniambia neno. Na uliponiambia nilidhani unatania." Sindano aliongea kwa sauti ya kawaida. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?"

Mama aliangalia mikono yake mwenyewe.

"Radhi uliiweka mbele ya watu kwa jina langu," Sindano akaendelea. "Iondoe mbele ya watu kwa jina lako. Andika kwamba ni wewe. Mengine, na la duka, tutazungumza baadaye."

Akakubali. Mbele ya mama yake, akiwa ameshika mfuko wa matunda, alisema kesho asubuhi itakuwa tayari. Alimsindikiza Sindano hadi barabarani, akamshika mkono, na mkono ule ulikuwa ule ule wa kutungia uzi. Sindano alirudi nyumbani akiwa nusu ameshasamehe.

Asubuhi akafungua blogu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Pameandikwa: "Kutokana na hitilafu ya kiufundi, ujumbe usio sahihi ulichapishwa katika ukurasa huu. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Alicheka. Akaweka mkasi chini ili asijikate, akacheka tena, halafu akaenda nyuma ya pazia la kubadilishia nguo, na huko hakucheka. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akaandika ujumbe: "Hiyo hitilafu naijua jina. Nilikuwa naelekea kuolewa nayo."

Mtaalamu alifika dukani shati halijachomekewa. Alisema aliogopa. Alisema mtu hawezi kujivua nguo mbele ya wafanyakazi wenzake. Alipoona pete imewekwa mezani, kati ya bobini na chaki, sauti ikampanda.

"Unaacha ndoa kwa sababu ya blogu?"

"Blogu imenionyesha tu nyumba nitakayokaa."

"Nitakupa nenosiri. Sasa hivi. Nikuandikie hapa."

"Baki nalo," Sindano akasema. "Mimi nahama."

Mtaalamu alingoja Sindano abadilishe mawazo. Sindano akavuta kitambaa, akaanza kukata. Mtaalamu akachukua pete, akatoka.

Mchana ule ule shoga alikuja baada ya vipindi. Hakusema "nilikuambia", na kwa hilo Mungu ambariki. Wakafungua jukwaa lile la bure. Barua pepe ya Sindano, jina la Sindano, nenosiri analolijua Sindano. Anwani ikawa ndefu kama foleni ya hospitali, rangi zilizopatikana zilikuwa chache, na kichwa cha habari kilikataa kabisa kukaa katikati. Akakiacha kilivyo. Habari ya mwenye saluni ilikuwa bado kwenye simu yake, kwenye ujumbe aliomtumia Mtaalamu. Akainakili yote, na juu yake akaongeza: "Niliyoyaandika niliyaandika. Radhi mliyoisoma si yangu, wala sitaiomba." Akabonyeza kitufe mwenyewe.

Wasomaji wa kwanza walikuwa wa kuhesabika. Kisha bi harusi mmoja akamtumia mwenzake, na mwenzake akawatumia wengine, na watu wakaanza kuifuata nyumba mpya kama wanavyomfuata fundi aliyehama mtaa.

Mama yake Mtaalamu alikuja baada ya siku kadhaa. Sindano alipomwona mlangoni moyo ulimshuka, akajua ametumwa kubembeleza. Akamwamkia, akampa kiti.

"Mwanangu ni mwanangu," mama akaanza, "sitamkana, na leo asubuhi nimempikia chai. Nimemwambia alichofanya ni kibaya, na nitamwambia tena. Lakini sikuja kwa ajili yake."

Akatoa simu mkobani, akafuta kioo kwa ncha ya mtandio.

"Hilo jukwaa lako. Mtu asiyejua kitu anaweza kuanza nalo?"

"Mimi nilianza sijui kitu, mama."

Wakavuta viti pamoja. Jina mama alikuwa nalo tayari: Mpiga Chapa. Rangi alichagua ya kijani baada ya kuzikataa nyingine zote. Walipofika kwenye nenosiri, mama akakuna kidevu.

"Niweke ile tarehe ya—"

"Usiniambie, mama."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Sindano akasimama, akageuza uso upande wa ukuta ulikoning'inia magauni meupe, akangoja. Nyuma yake alisikia kucha zikigonga kioo, zikisimama, zikifuta, zikigonga upya.

"Tayari," mama akasema. "Sasa nionyeshe pa kuandika."