Dobi na Filimbi Ndefu

Dobi alikuwa na pasi mbili za mkaa. Moja ikipoa, nyingine ilikuwa tayari. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka: meza ya kupigia pasi, mabeseni, na misumari ukutani iliyojaa nguo za wateja. Mkokoteni wa kukusanyia nguo ulikaa nje, mlangoni. Chumba cha nyuma alilala yeye na mkewe. Chumba cha kati alikaa mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa imegoma siku nyingi, lakini ulimi wake ulikuwa mzima kabisa.

Nyumba ilikuwa upande wa chini wa mtaa, karibu na mto. Ukutani, juu kidogo ya magoti, kulikuwa na mstari wa tope lililokauka. Uliachwa na mafuriko ya zamani, wakati baba yake Dobi yu hai. Mzee aliusia mstari ule usipakwe rangi, na Dobi akatii. Tena alifanya zaidi ya kutii. Alipigilia misumari yote ya nguo juu ya mstari, kisha akalala usingizi wa pono. Kwake yeye maji yalikuwa na mpaka, na mpaka ulikuwa pale.

Kabla ya msimu wa mvua kuanza, alikuja jirani yao wa upande wa juu. Alikuwa mwanamke wa kikosi cha zimamoto na uokoaji, na pia aliongoza kamati ya maafa ya mtaa. Filimbi haikumtoka shingoni. Hata sokoni alikwenda nayo, ndiyo maana watu wakamwita Mama Filimbi.

"Hodi hapa."

"Karibu, jirani. Umeleta nguo au umeleta habari?"

"Habari. Watu wa hali ya hewa wanasema mvua zitakuwa kubwa. Mkisikia filimbi fupi fupi, jiandaeni. Mkisikia moja ndefu, tokeni, mwende shuleni kule juu. Sasa niambie, Bibi atabebwa na nani?"

Dobi akacheka. "Abebwe aende wapi? Tazama mstari ule. Maji yakija yataishia pale. Nitamweka mama juu ya meza, tutasubiri yaondoke."

"Juu ya meza kama furushi," alisema Bibi kutoka chumbani. "Ahsante, mwanangu."

Mama Filimbi aliugusa mstari kwa kidole. "Huu unaonyesha maji yalifika wapi mwaka ule. Haujaahidi kitu. Mwaka ule kule juu kulikuwa na mashamba. Mvua ikinyesha, ardhi ilikunywa. Siku hizi kuna lami na mapaa ya mabati. Maji hayana pa kuingia, yote yanakuja huku kwetu. Na mfereji wetu tumeujaza taka wenyewe."

"Haya, tuseme nimekusikia. Na hizi je?" Dobi alionyesha nguo. "Hizi ni nguo za watu. Zikiibiwa nyuma yangu, nitaweka wapi uso wangu?"

"Kamati ina stoo pale shuleni, na ina walinzi. Zilete mapema, kabla ya filimbi."

"Nitaleta," alisema Dobi. Alisema hivyo ili mgeni aondoke, apate kurudi kwenye pasi yake.

Mvua zilianza. Dobi hakupeleka hata leso.

Siku ya siku, filimbi fupi fupi zilisikika asubuhi. Mkewe hakungoja kuambiwa. Alitia vitambulisho, dawa za Bibi na chupa za maji ya kunywa katika mfuko wa plastiki. Dobi alikuwa akipiga pasi suti ya kinyozi. Kinyozi alikuwa anakaribia kuoa, na suti ile ndiyo ilikuwa fahari yake. Nje jua lilikuwa linawaka.

Filimbi ndefu ikalia.

"Jua lote hili?" alisema Dobi. "Yule mama leo amechanganyikiwa."

"Mvua imenyesha milimani, baba," alisema mkewe. "Maji yako njiani. Tumbebe mama twende."

"Wewe tangulia, ukatafute wa kunisaidia kumbeba. Mimi nimalizie, nifunge mafurushi."

Mkewe alimtazama, akaona ametia pamba masikioni. Akazima umeme kwenye swichi kuu, akachukua mfuko, akatoka mbio. Dobi alinung'unika kwamba redio imezimika.

Maji hayakuanzia mlangoni. Yaliingia kwanza kwenye tundu la maji machafu uani, yakitoa povu. Kisha yakapita chini ya mlango, meusi, yananuka. Dobi alipandisha mafurushi juu ya viti. Akayatoa kwenye viti, akayapandisha juu ya kabati. Alipokumbuka kutazama, maji yalikuwa magotini. Alimbeba mama yake na kumweka juu ya meza ya pasi.

"Mwanangu," alisema Bibi, "mstari wa baba yako uko wapi?"

Dobi alitazama ukutani. Mstari haukuonekana. Ulikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa bado yanapanda. Hapo ndipo alipoogopa. Aliogopa hasa. Aliona kwamba mama yake hakuwa juu ya ile meza kwa sababu ya mafuriko. Alikuwa pale kwa sababu ya ubishi wake yeye.

Alimbeba Bibi mgongoni, akafungua mlango. Kichochoro kilikuwa kimegeuka mto. Aliweka mguu mmoja nje, maji yakauvuta.

"Usishuke!" Ilikuwa sauti ya Mama Filimbi. Boti ya mpira ya zimamoto ilikuwa inakuja kichochoroni, imeshikwa kwa kamba na watu wawili wa kikosi. "Rudi ndani, shika mlango. Maji yanayokwenda kasi yanamwangusha mtu hata yakiwa magotini. Na mfereji uko wazi hapo mbele yako, huuoni."

Boti ilifika, ikafungwa kwenye nondo za dirisha. "Bibi kwanza," alisema Mama Filimbi. "Mkeo ndiye aliyetuelekeza. Asingetuambia, tungepita tukidhani nyumba haina mtu."

Bibi alivishwa boya na kukalishwa. Dobi akarudi ndani. Alitoka na furushi kubwa, na suti ya kinyozi begani.

"Hii boti ni ya watu," alisema Mama Filimbi, bila ukali. "Kuna mama na watoto wananingoja juu ya paa. Hilo furushi lako limekalia nafasi ya mtoto."

Dobi aliirudisha suti kwenye msumari wake, akaacha furushi lielee. Akapanda mikono mitupu. Njia nzima alilia, na hakujali nani anamwona.

Shuleni madarasa yalikuwa yamegawanywa kwa familia. Kulikuwa na maji ya kunywa yaliyotiwa dawa, na mahali pa kunawa mikono. Kinyozi alikuwepo. Dobi alimwendea kama mtu anayekwenda kuhukumiwa.

"Suti yako imekwenda na maji."

"Stoo ile pale, na uliambiwa," alisema kinyozi. "Sasa nitaoa na koti la kuazima." Ilimuuma, wala hakuficha. Kisha akasogea kwenye mkeka, akampisha Dobi akae. "Bibi amepata chakula?"

Hawakurudi nyumbani mpaka kikosi kilipotoa ruhusa, na fundi umeme alipokagua nyaya. Mama Filimbi aliwaambia wavae mabuti, maana maji yale yalikuwa yamepita vyooni. Chakula kilichoguswa na maji kilitupwa. Maji ya kunywa yalichemshwa. Bibi alisema katika maisha yake hajawahi kuona maji ya chai yanaogopwa vile.

Dobi aliokota nguo zilizobaki katika tope, akazichemsha kwa sabuni na kuzirudisha kwa wenyewe. Hakuna aliyemwita mwizi. Wengine walimtania kwamba duka lake sasa linatoa huduma ya kuogelea, naye akavumilia.

Mtaa ukashika majembe. Walizibua mfereji, wakakubaliana kutotupa taka humo tena. Kamati ilipouliza nani ana chombo cha kubebea wasioweza kutembea, Dobi alinyoosha mkono. "Mkokoteni wangu upo," alisema.

Msimu mwingine wa mvua ulipokaribia, nguo za watu zilikuwa stoo, kila moja na kibandiko chake. Filimbi fupi fupi zilipolia, Dobi alitandika godoro juu ya mkokoteni. Alimpandisha Bibi, akazima swichi kuu, akafunga mlango. Mkewe alibeba mfuko.

"Punguza mwendo," alisema Bibi. "Mimi si mashati."

Filimbi ndefu iliwakuta tayari wako kwenye lango la shule.

Maji yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Baada ya ruhusa kutolewa, Dobi alitangulia peke yake kufungua nyumba. Ukutani kulikuwa na mstari mpya wa tope, mbichi bado. Ulikuwa juu ya misumari na juu ya meza ya pasi. Dobi alisimama kando ya meza ile. Mstari ulimfika kifuani. Mtu aliyeketi mezani hapo angezama mpaka mabegani.

Alirudi shuleni. Bibi alikuwa anamngoja.

"Safari hii maji yamefika wapi?" aliuliza.

"Yamefika mbali, mama," alisema Dobi. "Lakini hayakutukuta."