Sauti Chini ya Daraja

Haya yalimpata rafiki yangu, muuguzi wa gari la wagonjwa, na yeye si mtu wa kutia chumvi.

Gari dogo lilikuwa limepinduka chini ya daraja, na mvua ilikuwa imeugeuza mchana kuwa giza. Dereva wa gari la wagonjwa alipopanda barabarani na tochi kufuata machela, yeye alitambaa ndani peke yake, akamfunga majeruhi aliyenaswa humo kola ya shingo kwa kupapasa. Alisikia maji tu yakitiririka.

"Unaumia wapi, kaka?"

"Mguu wa kushoto," sauti ikajibu taratibu. "Damu inatoka."

Kweli, suruali ilikuwa imelowa. Akaufunga bendeji kwa kukaza hadi damu ikakoma.

Kesho yake, wodini, mke wa majeruhi alimshika mikono. "Asante, dada. Ulijuaje kuwa ni mguu kwenye giza lile?"

"Aliniambia mwenyewe."

Mke akamkazia macho. "Mume wangu ni bubu tangu kuzaliwa."

Rafiki yangu alikumbuka kwamba majeruhi alipokwisha kutolewa, yeye alirudi na tochi ndani ya lile gari dogo kuchukua mkoba wa dawa, akamulika viti vyote asije akaachwa mtu. Vilikuwa vitupu. Alipozima tochi, ile sauti, aliyodhani siku ile ni uchovu tu, ilimuuliza, taratibu vilevile:

"Na mimi je, dada?"